Feni ya Rejeta Inalegea Kwenye Foleni: Kagua Soketi Kabla ya Kununua Mota

Alfajiri, kabla magari hayajajaa, unatoka Ruiru hadi mjini na sindano ya joto haisogei kutoka katikati. Jioni umekwama Mombasa Road karibu na Nyayo, hakuna anayekwenda popote, na sindano hiyo hiyo inaanza kupanda polepole. Foleni ikifunguka ukaendesha dakika chache, inashuka yenyewe. Joto linalopanda gari likisimama na kushuka likitembea ni dalili ya kukosa hewa kwenye rejeta. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabara unapoza rejeta bila msaada wa feni. Likisimama, feni ndiyo upepo wote uliopo.

Ikiwa gari lako linachemsha hata ukiwa kwenye mwendo, au ukipanda mlima wa kutoka Naivasha, acha feni kwanza. Hapo tafuta rejeta iliyoziba, thamostati iliyokwama, pampu ya maji au gasketi. Pia kuna magari ambayo makala haya hayayahusu: Hiace nyingi na pikapu nyingi za dizeli zina feni inayozungushwa na mkanda wa injini, haina waya wala fyuzi. Hapa nazungumzia feni za umeme, zile za Vitz, Fielder, Demio, Note, Forester na wenzao.

Mambo huenda hivi kwenye gereji nyingi. Fundi anaangalia feni isiyozunguka, anaigonga kwa mpini wa bisibisi, kisha anasema, "Mkubwa, mota imekufa hii." Mota ya mtumba inanunuliwa Kirinyaga Road, inafungwa, inachomekwa kwenye soketi ile ile ya zamani, na inazunguka. Kila mtu anafurahi. Baada ya muda gari linachemsha tena na mota "mpya" inalaumiwa kuwa ilikuwa feki. Mara nyingi haikuwa feki. Mota ya kwanza nayo pengine ilikuwa nzima. Ile ya mtumba ilizunguka kwa sababu kule kuchomoa na kuchomeka kulikwangua uchafu kwenye terminali, yaani vile vyuma vya mguso ndani ya soketi, umeme ukapita kwa siku kadhaa.

Soketi inavyojiua

Feni moja ya gari dogo hula kama ampea 8 hadi 15 ikiwa imeshika kasi. Za magari makubwa hufika 20 na kupita. Wakati wa kuanza kuzunguka, mota huvuta mara kadhaa ya kiwango hicho kwa muda mfupi. Umeme wote huo unapita kwenye terminali mbili ndogo ndani ya soketi ya plastiki, na kinachozishikanisha ni ukakamavu wa bati jembamba la terminali jike linalobana ulimi wa terminali dume.

Bati hilo likilegea kidogo tu, sehemu ya mguso inapungua na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaongezeka. Chukua mfano wa ukinzani wa omu 0.05, kiasi ambacho mita nyingi za bei nafuu haziwezi hata kukipima vizuri. Kwa ampea 20, hapo pekee panapotea volti 1, na joto linalozalishwa ni wati 20. Wati 20 ndani ya soketi inayotoshea kwenye vidole viwili ni kama kuweka ncha ya pasi ndogo ya kulehemu ndani ya plastiki na kuiacha humo foleni nzima. Joto hilo linalainisha bati, bati linalegea zaidi, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Mzunguko huo ukishaanza haurudi nyuma wenyewe.

Jiji letu linauharakisha. Mtetemo wa barabara mbovu unazisuguanisha terminali na kuzitia vumbi jeusi la oksaidi. Vumbi jekundu la barabara za murram linaingia popote palipo na ufa. Na kuna ile desturi ya kuosha injini kwa presha kwenye kila kituo cha kuosha magari: maji yenye sabuni yanasukumwa hadi ndani ya soketi ambazo mipira yake ya kuzuia maji ilishakauka gari likiwa bado Japani. Kutu ya kijani unayoiona baadaye haikuletwa na mvua ya Aprili.

Kabla hujashika chochote

Kwenye magari mengi feni inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa. Ondoa waya hasi wa betri kila unapoingiza vidole karibu na mapanga. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi. Ndani ya rejeta maji yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 yakiwa yametulia kwa sababu tu kifuniko kinayabana. Ukikifungua, yanalipuka usoni.

Kifaa unachohitaji ni mita ya volti, hata ile ya bei ya chini ya Luthuli Avenue, na pini mbili nyembamba za kupenyeza nyuma ya soketi. Mita ya kubana waya ni nzuri zaidi kwa kupima ampea, ila hakikisha inapima umeme wa DC, yaani ule wa betri. Nyingi za bei rahisi zinapima AC pekee, ule wa nyumbani, na kwenye gari zitakuonyesha sifuri huku feni ikivuma. Na usichomeke mita ya kawaida kwenye tundu lake la ampea 10 kupima feni. Utaunguza mita kabla hujaunguza fyuzi ya gari.

Tahadhari moja zaidi. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana feni yenye kisanduku cha udhibiti kilichojengwa kwenye mota: waya mbili nene na moja au mbili nyembamba za kuleta amri. Hizo usizipe umeme wa moja kwa moja kutoka kwa betri kwa kubahatisha. Vipimo vya kupotea kwa volti vilivyo hapa chini unaweza kuvifanya kwenye waya nene, lakini waya nyembamba ziache.

Kipimo ambacho hakidanganyi

Mafundi wengi huweka mita kwenye mlio, wanagusa ncha mbili za waya, mita inalia "tiii", na wanatangaza kwamba waya ni mzima. Mlio huo unahitaji uzi mmoja tu wa shaba uliosalia. Vilevile ukichomoa soketi na kuipima ikiwa wazi, utasoma volti 12 kamili hata kama terminali imeoza, kwa sababu hakuna umeme unaopita. Volti hupotea pale tu mzigo unapovuta. Kwa hiyo feni lazima iwe imechomekwa na imeamriwa kuzunguka.

Washa injini, washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi hiyo inatosha kuiwasha feni. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Gusa ncha nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake, kisha penyeza ncha nyeusi nyuma ya soketi ya feni hadi iguse waya chanya upande wa mota. Namba unayoiona ni volti zilizopotea njiani. Chini ya 0.3 ni sawa. Ikipita 0.5 kuna mahali panaiba. Sasa rudia upande wa pili: nyekundu kwenye waya hasi wa mota, nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri. Upande huu ndio husahauliwa, na gari la zamani huwa na ethi, yaani waya hasi, iliyofungwa kwenye bodi kwa skrubu yenye kutu. Badilisha mota mara tatu na skrubu hiyo itakushinda zote.

Ukishajua upande gani unaiba, sogeza ncha hatua kwa hatua: kabla ya soketi na baada ya soketi, kabla ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na baada yake, mguu mmoja wa fyuzi na wa pili. Kiungo kimoja kizima hakipotezi zaidi ya volti 0.1 hivi. Ukikuta 0.8 kati ya waya unaoingia kwenye soketi na waya unaotoka, umeshampata mwizi na hujatumia pesa yoyote.

Dalili, moja baada ya nyingine

Feni haizunguki kabisa. Anza na fyuzi, lakini itoe uitazame, usiishie kuipima. Fyuzi iliyokatika katikati ya uzi wake kwa usafi ililemewa: kuna waya unaogusa bodi au mota inavuta kupita kiasi. Fyuzi ambayo plastiki yake imeyeyuka upande wa mguu mmoja, huku uzi wake bado uko, haikulemewa na chochote. Mguu huo haukushikwa vizuri kwenye boksi la fyuzi na joto limetoka pale pale. Kuweka fyuzi mpya kwenye tundu hilo hilo ni kurudia hadithi. Tundu ndilo linalotakiwa kurekebishwa.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa soketi ya feni na uipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwa betri, kwa waya mbili nene zenye fyuzi katikati. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na tatizo liko kati ya betri na soketi. Isipozunguka, au ikihitaji kusukumwa kidogo ndipo ianze, mota yenyewe ndiyo mbovu, na mara nyingi ni kaboni zake zimekwisha.

Feni inazunguka, lakini kivivu. Hii ndiyo inayodanganya wengi kwa sababu mwenye gari akifungua boneti anaona mapanga yakienda na anaridhika. Weka karatasi mbele ya rejeta feni ikiwa kwenye kasi ya juu. Feni inayovuta vizuri huinyakua na kuishikilia kwenye grili, inayolegea huiacha ianguke. Kisha pima volti kwenye mota yenyewe. Injini ikiwa inanguruma, betri ina volti 13.5 hadi 14.5. Mota ikipata 11, zaidi ya mbili zimepotea njiani, nawe unajua namna ya kuzitafuta.

Hapa kuna mtego. Magari kadhaa yenye feni mbili huziunganisha kwa mfuatano kwenye kasi ya chini, yaani umeme unapita feni ya kwanza kisha ya pili, kila moja ikipata karibu nusu ya volti. Kwenye kasi ya juu, rilei zinabadilisha njia na kila feni inapata volti zake kamili. Kwa hiyo volti 6 au 7 kwenye kasi ya chini huenda ni mpango wa mtengenezaji. Na kwa mfumo huo huo, soketi moja ikiungua, feni zote mbili zinakufa kwenye kasi ya chini. Kasi ya juu ikiwaka, ile yenye soketi nzima inazunguka kwa nguvu na nyingine imelala. Ukikutana na hali hiyo, feni iliyolala ndiyo ya kukagua, na iliyo hai usiiguse. Nimeona watu wakiuziwa feni mbili kwa kosa la soketi moja.

Leo inawaka, kesho haiwaki. Feni ikiwa imeamriwa kuzunguka, shika waya nyuma ya soketi, mbali na mapanga, na uutikise taratibu kulia na kushoto. Ikikatika na kurudi, umemaliza uchunguzi. Usisahau kuutikisa waya sentimita kadhaa nyuma ya soketi pia, mahali fundi wa awali alipounganisha kwa kusokota na kufunga tepu. Tepu ya kawaida ya umeme haistahimili joto la chini ya boneti. Gundi inageuka ute, tepu inateleza, na kiungo kinabaki uchi kikisubiri mvua.

Harufu ya plastiki, au soketi imebadilika rangi. Chomoa, uigeuze kwenye mwanga. Soketi iliyoanza kuungua huwa na tundu moja lililo tofauti na jirani yake: lilikuwa na pembe nne, sasa pembe zimelainika na ukingo una rangi ya kahawa. Terminali dume iliyomo kwenye tundu hilo imepoteza mng'ao, ina weusi wenye ubuluu kidogo karibu na shina. Ukikunja waya wake, ganda limekauka kama tambi, linapasuka sentimita mbili au tatu kutoka kwenye soketi, na shaba ndani yake ni nyeusi badala ya nyekundu. Nailoni ya soketi nyingi huyeyuka kwenye nyuzi 255 hivi, kwa hiyo ukiona imetiririka, jua joto lililopita hapo. Soketi kama hiyo haisafishwi. Spreyi ya kusafisha miguso inasaidia terminali chafu, lakini bati likishalainika kwa joto hakuna dawa itakayolirudishia ukakamavu. Kulibana kwa koleo kunasaidia kwa muda tu.

Rilei inalia "tiki" lakini feni kimya. Mlio unathibitisha kwamba koili ya rilei inapata amri. Hauthibitishi kwamba miguso yake inapitisha umeme. Pima miguu miwili ya mzigo: 30 na 87 kwenye rilei za kawaida, au 3 na 5 kwenye nyingi za Toyota. Ukikuta volti zimepotea kati yao rilei ikiwa imevuta, ibadilishe. Kisha ing'oe na uangalie tundu lake. Tundu la mguu wa 30 ndilo huungua mara kwa mara, na rilei mpya haitakaa hapo.

Fyuzi inakatika mara kwa mara. Soketi iliyolegea haikati fyuzi kwa njia hii, kwa sababu ukinzani hupunguza umeme badala ya kuuongeza. Tafuta waya uliochubuka unaogusa chuma, au mota nzito. Zungusha mapanga kwa mkono betri ikiwa imetolewa: yanapaswa kwenda kwa urahisi na kusimama taratibu, bila kukwaruza wala kuyumba. Usikubali fyuzi ya 30 ya kijani ibadilishwe na ya 40. Fyuzi imewekwa kulinda waya, na waya haukunenepa usiku.

Inawaka kwa kiyoyozi, haiwaki kwa joto. Soketi na mota ni nzima. Shida iko kwenye sensa ya joto, waya zake, au amri ya kompyuta. Kinyume chake, feni isiyozima hata injini ikiwa baridi: angalia rilei iliyonata, au soketi ya sensa iliyochomoka. Magari mengi huwasha feni muda wote yakipoteza habari ya joto, na hilo ni kwa usalama wako.

Ukiamua kubadilisha soketi

Kwanza pima ampea za feni kwa mita ya kubana. Mota iliyozeeka inayovuta ampea 25 badala ya 12 itaunguza soketi yoyote utakayoweka, hata ya bei ya juu. Kama inavuta mno, mota ndiyo ya kwanza kubadilishwa, soketi ifuate siku hiyo hiyo.

Njia rahisi ni soketi ile ile ya kiwandani pamoja na mkia wake wa waya, iliyokatwa kwenye gari la mtumba. Kirinyaga Road, watu wazima bado wanaiita Grogan, zipo kwa mafungu. Ukichagua, usidanganywe na plastiki iliyofutwa mafuta. Chukua terminali dume moja iliyo safi, ichomeke peke yake kwenye kila tundu la soketi, kisha uivute. Lazima ikatae kidogo. Tundu linaloiachia bila upinzani limeshalegea, na unalipa pesa kununua ugonjwa ule ule. Dai mkia wa waya wa angalau sentimita 15. Muuzaji anayekata karibu na soketi anakuachia mahali pabaya pa kuunganisha.

Njia ya pili ni kuongeza uwezo kabisa, hasa kama soketi ya asili ilikuwa ndogo kwa mzigo wake au umeweka feni kubwa zaidi. Hapa watu hupotezwa na mwonekano. Soketi za Deutsch za aina ya DT zinapendeza na hazipitishi maji, lakini terminali yake ni ya ampea 13. Kwa feni kubwa unahitaji DTP, ambayo ni ya ampea 25. Soketi za aina ya Weather-Pack huishia ampea 20. Metri-Pack 280 hufika 30, na 630 hufika 46. Viwango hivyo vimepimwa kwa terminali halisi na waya mnene wa kutosha, si kwa nakala iliyojaa sokoni yenye umbo lile lile na bati jembamba. Leta sumaku ndogo ukienda kununua: terminali nzuri ni za aloi ya shaba na hazivutwi. Zinazonata kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa rangi, achana nazo.

Nyuma ya rejeta kuna joto kabla hata umeme haujapita, kwa hiyo usitumie kiwango chote. Feni ya ampea 18 ipe soketi ya 25 au 30. Ukiona mtu anakuletea konekta nyeupe za skrubu zinazotumika kwenye taa za nyumba, mshukuru umrudishie. Mtetemo unafungua skrubu zake na hazina kinga yoyote dhidi ya maji.

Waya nao uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kwa ampea 15 hadi 20 tumia milimita 2.5 za mraba, kwa 25 hadi 30 tumia 4. Waya wa nyumba wenye kiini kimoja kigumu utakatika ndani ya ganda lake kwa mtetemo, na hutaona chochote kwa nje.

Kubana terminali

Kazi nzima inasimama au kuanguka hapa. Terminali ya gari ina mbawa za aina mbili: jozi ya mbele inabana shaba, jozi ya nyuma inabana ganda la waya ili mtetemo usifike kwenye shaba. Chuna ganda kiasi ambacho shaba inajaza mbawa za mbele na kuchungulia milimita moja mbele yake, na ganda linaishia katikati ya jozi hizo mbili. Kata nyuma hadi ufikie shaba inayong'aa. Ukiunganisha shaba nyeusi, umeanza na ukinzani.

Tumia koleo la kubania lenye meno ya kukunja mbawa ndani kama herufi B, si koleo la kawaida linaloziponda bapa. Ukimaliza vuta waya kwa nguvu ya mkono. Ukichomoka, bora uchomoke sasa. Kulehemu juu ya mbano mzuri hakuhitajiki na mara nyingi kunaharibu: risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzigeuza fimbo, kisha waya unavunjika pale fimbo inapoishia. Risasi ya kawaida ya 60/40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, joto ambalo soketi mbovu inaweza kulifikia bila shida. Kama fundi wako anajua kulehemu tu na hana koleo, tafuta mwingine. Kariobangi Light Industries utawapata wanaofanya kazi hii vizuri, ila uliza kwanza uone koleo lenyewe.

Pale unapounganisha mkia mpya na waya wa gari, tumia kiungo cha kubana, kisha mfuniko wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Uingize kwenye waya kabla ya kubana, maana baadaye hautapita. Unganisha waya mbili katika sehemu tofauti, moja mbele na nyingine nyuma, ili viungo visikae bega kwa bega. Grisi ya kinga ya umeme ipakwe kwenye mpira wa soketi na kidogo mdomoni, kwa ajili ya kuzuia maji. Haikazi terminali iliyolegea. Na usibadilishe soketi ya upande wa gari ukaacha ulimi mweusi uliopauka upande wa mota. Nusu mpya na nusu iliyoungua zikikutana, iliyoungua ndiyo hushinda. Kata zote mbili.

Mwisho fungua ethi, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, kaza upya kwa boliti na washa ya meno, kisha paka grisi juu yake. Funga waya kwenye fremu ya feni ili soketi isining'inie.

Kuthibitisha

Rudia kipimo cha volti feni ikiwa kwenye kasi ya juu, pande zote mbili, na uandike namba kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi. Kisha acha gari likinguruma palepale, kiyoyozi kikiwa kimewaka, dakika 20 hivi. Zima, ondoa waya hasi wa betri, na ushike soketi kwa vidole, halafu ushike waya wake sentimita kumi nyuma. Zote zitakuwa na uvuguvugu wa rejeta. Soketi ikiwa ya moto kuliko waya wake, bado kuna mguso mbaya ndani yake, na mita itakuonyesha ni upande gani. Fanya hivyo tena baada ya wiki chache za foleni, na ukienda kuosha gari, mwambie kijana asipige presha mbele ya injini.